MAONI: Video mia kwenye simu, misuli hakuna. Chagua mazoezi manne ubaki nayo

Hebu fungua simu yako sasa hivi uangalie zile video za mazoezi ulizohifadhi. Kuna ile ya dakika saba ya kumaliza kitambi. Kuna ya jamaa anayepiga pushapu huku akipiga makofi hewani. Kuna ya dada mwenye mkeka wa rangi ya waridi, sebule yake kubwa kuliko ploti nzima unayoishi. Halafu kuna chalenji ya siku 30: siku ya kwanza uliifanya, ya pili ukaamka na maumivu, ya tatu ukasema utaanza upya Jumatatu. Ziko ngapi? Ishirini? Hamsini? Na kati ya hizo, ni gani umeifanya hata mara kumi?

Kama ni hakuna, basi tuongee, maana si wewe pekee. Kijana wa Machakos anayetaka nguvu na hana pesa ya jimu hasumbuliwi na ukosefu wa vyuma. Anasumbuliwa na kuchagua. Anachagua zoezi vile anavyochagua ngoma ya kusikiza kwa matatu: leo hii, kesho ile, kulingana na mudi. Mwili haujengeki hivyo, bana.

Najua utasema shida ni pesa, na sikatai. Tuseme jimu ni elfu mbili kwa mwezi. Kwa mwaka hiyo ni 24,000, na hujahesabu nauli ya boda, viatu, na ile sharubati unayonunua ukitoka ili ujisikie kama mwanaspoti. Ukiwa mwanafunzi wa Machakos University unayepima unga kabla ya kupika, au unashona nguo kwenye kiwanda cha EPZ kule Athi River na kufika nyumbani Mlolongo giza limeshaingia, hiyo pesa ina kazi nyingine. Hakuna mtu anafaa kukuchekelea kwa hilo.

Tena jimu yenyewe, hata ukiwa na pesa, inaweza kukufungia mlango. Tarehe 26 Machi 2021, Rais Uhuru Kenyatta alifunga kaunti tano kwa mpigo sababu ya korona: Nairobi, Kiambu, Kajiado, Nakuru na hii yetu ya Machakos. Kafyu ikawa saa mbili usiku, na sehemu za michezo na burudani zikafungwa mpaka mwanzo wa Mei. Mwenye zoezi la chumbani aliendelea kama kawaida. Mwenye kadi ya uanachama peke yake alibaki akiiangalia.

Kwa hivyo ya jimu tuiweke kando kwanza. Turudi kwa hili la kuchagua.

Nadhani mizizi yake iko shuleni. Wengi wetu zoezi la kwanza la nguvu tulifunzwa na mwalimu wa zamu: ruka chura kuzunguka uwanja kwa sababu umechelewa gwaride, au piga pushapu ishirini kwenye kokoto kwa kuongea darasani. Hapo tukajifunza kwamba zoezi ni adhabu, na kwamba zoezi zuri ni lile linalokuacha huwezi kushuka ngazi kesho yake. Ndiyo maana ukipewa video mbili, moja inakuambia fanya pole pole mara nane kisha pumzika, na nyingine ina mtu anayepiga mayowe na kutiririkwa na jasho, unabonyeza ya jasho. Wiki moja baadaye umeacha zote mbili.

Jasho halipimi chochote. Hata kusimama kwenye stendi ya Machakos saa saba mchana wa Januari kunatoa jasho.

Misuli inakua ikipewa kazi ngumu kidogo kuliko ile iliyozoea, ikalishwa, ikalala, halafu ikapewa tena ngumu kidogo zaidi. Wagiriki wa kale walikuwa na ngano ya mwanamieleka anayeitwa Milo wa Croton, aliyembeba ndama kila siku tangu akiwa mdogo mpaka akawa fahali. Ni ngano tu, lakini mwenye kuitunga alielewa jambo: Milo hakubadilisha mnyama kila wiki. Leo ndama, kesho mbuzi, keshokutwa kuku wawili, hapo hatungekuwa na hadithi ya kusimulia.

Ndiyo maana nasema zoezi la nyumbani lichague kwa swali moja: je, hili naweza kulifanya liwe gumu zaidi mwezi ujao bila kununua kitu? Kama jibu ni ndiyo, shika hapo hapo. Kama jibu ni hapana, hata likiwa na watazamaji milioni kumi, liache lipite.

Na usiogope kwamba bila chuma kizito unajidanganya. Mwaka wa 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Canada walichukua wanaume vijana 49 waliokuwa tayari wamezoea kuinua vyuma, wakawagawa makundi mawili kwa wiki 12. Kundi moja liliinua vizito, marudio 8 hadi 12. Lingine likainua vyepesi, marudio 20 hadi 25. Makundi yote yaliendelea kila seti mpaka misuli ikagoma. Mwishoni, misuli ilikuwa imeongezeka karibu sawa. Nguvu pia zilikaribiana, isipokuwa kwenye kusukuma chuma ukiwa umelala chali, ambapo wa vizito walitangulia kidogo. Tafsiri yake kwako ni kwamba mwili haujui umeshika dambeli ya chrome au mtungi wa njano. Unajua tu kama kazi ilifika karibu na mwisho wa uwezo wako. Ukiachia pushapu ya kumi wakati ungeweza kufika arubaini, hapo umejinyoosha tu. Acha zikibaki mbili au tatu kwenye tangi.

Sasa manne niliyosema. Ni miondoko minne, na kila moja ina ngazi zake: kusukuma, kuvuta, kuchuchumaa, na kuinua kitu kutoka chini. Ukiwa na moja ya kila aina, mwili karibu wote umepata kazi. Za kupindapinda tumbo kwenye mkeka weka mwisho ukibaki na muda. Usipobaki nao, hujapoteza kitu kikubwa.

Kusukuma sitakaa nako sana kwa sababu pushapu kila mtu anaijua. Nataka tu uache kuiona kama zoezi moja. Ukiwa sakafuni unasukuma karibu thuluthi mbili ya uzito wako. Ukiweka magoti chini, unasukuma kama nusu. Ukisukuma ukuta, kidogo sana. Ukiweka miguu juu ya kitanda na mikono sakafuni, imezidi. Hiyo ni ngazi kamili, na iko ndani ya bedsita yako. Dada ambaye hajawahi kupiga hata moja aanze kwenye ukuta, ashuke mpaka ukingo wa kitanda, ashuke mpaka sakafu. Jamaa anayejigamba kwa hamsini aweke miguu juu, avae begi mgongoni, halafu atuambie ni ngapi.

Kuvuta ndiko tunakoharibu. Angalia vijana wanaofanya mazoezi nyumbani hapa Katoloni, Muthini, popote: pushapu, pushapu, tumbo, pushapu. Kifua kinakaza, mgongo haufanyiwi chochote, halafu huyo huyo kijana mchana kutwa ameinamia simu au cherehani. Mabega yanaanza kuja mbele. Baada ya miezi sita ana kifua kizuri na mkao wa mtu aliyenyeshewa. Video za nyumbani zinachangia hili, kwa sababu nyumba haina kitu cha kuvuta, na mwenye video anataka zoezi lisilohitaji chochote. Kwa hivyo mgongo unasahaulika, na hakuna anayekuambia.

Njia rahisi ni mtungi. Weka mkono mmoja na goti moja juu ya stuli imara au kitanda, mgongo uwe sawa kama meza, halafu mkono wa pili uvute mtungi wa maji kutoka chini hadi ubavuni. Kiwiko kipite karibu na mbavu, usizungushe mwili. Shusha pole pole. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo mtungi wa lita 20 una kipimo kuliko vyuma vingi vya mtaani vya mikebe iliyojazwa zege, ambavyo hakuna anayejua uzito wake. Anza na lita tano. Wiki mbili baadaye ongeza chupa moja ya nusu lita. Unacheka nusu lita? Nusu lita kila wiki mbili kwa mwaka ni kilo 13.

Shida moja ya mtungi wa nusu ni kwamba maji yanacheza ndani na kuuyumbisha. Wengine wanapenda hivyo, mimi naona ni kero. Mchanga hauyumbi, tena ni mzito zaidi: ujazo ule ule wa mchanga mkavu unaweza kuzidi maji kwa nusu ya uzito. Mtungi wa lita 20 ukijaa mchanga unakaribia kilo 30, na mpini wake haukutengenezewa hilo. Weka mchanga kidogo, upime kwa mizani ya duka. Na tafadhali omba ule uliobaki kwenye mjengo wa jirani. Ukambani suala la mchanga wa mito lina historia ndefu ya ugomvi, usianzishe wako kwa sababu ya mabega.

Baada ya mtungi, tafuta kitu cha kuning'inia. Tawi nene la mwembe, bomba la chuma lililochomelewa, chochote ambacho kimethibitishwa na mtu mzito kuliko wewe. Kama huwezi kujivuta, panda na stuli mpaka kidevu kiwe juu, halafu jishushe ukihesabu hadi tano. Fanya tatu, pumzika, rudia. Hiyo ya kushuka inajenga ile ya kupanda. Mahali pa kuepuka ni goli la uwanja wa shule ambalo halijachimbiwa ardhini. Goli likipinduka halibagui, na limeua watoto na watu wazima nchi nyingi. Litikise kwanza. Likisogea, ondoka.

Kuchuchumaa tunakujua tangu utotoni, ni vile tukipata viti tunasahau. Kaa kwenye stuli na uinuke bila kusukuma na mikono. Ikiwa rahisi, gusa tu stuli usikae. Ikiwa rahisi tena, vaa begi la shule lenye pakiti za unga. Pakiti moja ni kilo mbili, tano ni kilo kumi, na ukimaliza unapika ugali. Halafu ngazi: kama unaishi ghorofa ya tatu tayari una kifaa ambacho watu wengine wanalipia. Panda mguu mmoja mmoja, pole pole, begi mgongoni, usijivute na reli. Ukishaweza kuchuchumaa kwa mguu mmoja hadi kwenye stuli na kuinuka, niandikie, maana wengi walio kwenye jimu hawawezi.

Ya nne, kuinua kutoka chini, ndiyo itakayokusaidia siku ya kuhama nyumba. Simama mitungi miwili ikiwa pande zako. Sukuma makalio nyuma, vile unavyofunga mlango kwa makalio mikono ikiwa imejaa mizigo. Magoti yakunjike kidogo, mgongo usipinde kama upinde, shika, simama. Mzigo uingie kwenye makalio na nyuma ya mapaja. Ukiusikia kiunoni pekee, umeinama vibaya, punguza maji.

Nikisema mitungi, najua kuna msomaji anacheka. Hasa msichana. Atasema, mbona mimi hubeba maji kila siku na sijaona hayo mabega? Ni swali la haki, na jibu lake ndilo kiini cha haya yote. Susu zetu walibeba maji na kuni mgongoni kwa mukwa uliokaza kwenye paji la uso, wakipanda milima hii hii, na hakuna aliyewaita wanamichezo. Ilikuwa kazi. Kazi haikuulizi kama umepona jana. Haipunguzi mzigo ukiwa mgonjwa, haikupi siku ya kupumzika, na mara nyingi inatumia upande mmoja wa mwili mpaka uchakae. Mazoezi ni mzigo uliochaguliwa: unajua ni kiasi gani, unajua ni mara ngapi, na unajua lini utauweka chini.

Ndiyo maana nasema kwa ndugu zangu wa kiume: ukiona dada yako anapandisha mitungi minne hadi ghorofa ya tatu huku wewe uko barazani unahesabu pushapu, mpokee. Beba miwili ya lita kumi, mmoja kila mkono, badala ya mmoja wa ishirini unaokupinda. Tembea umenyooka. Hilo ni zoezi la bure la mshiko, mabega na kiuno, na nyumba imepata maji. Naye apate nusu saa ya kuchagua mzigo wake mwenyewe.

Kwa akina dada pia kuna uvumi ambao umechosha: eti ukiinua vitu vizito utakuwa na mwili wa mwanamume. Homoni inayojenga misuli ya kiume kwa wingi, wanawake wanayo kidogo sana ukilinganisha. Wanawake unaowaona kwenye mashindano ya kujenga mwili wamefanya kazi ya miaka mingi kufika pale, na baadhi wametumia dawa. Hutafika huko kwa bahati mbaya na mtungi wa lita kumi. Na kuhusu tumbo, ambalo ndilo linauza video nyingi kuliko kitu kingine chochote: huwezi kuchoma mafuta ya sehemu moja kwa kuifanyisha mazoezi sehemu hiyo. Mwili ndio unaoamua utaanza kupunguza wapi. Anayekuuzia "siku 14 tumbo kwisha" anajua hili, au hajui na bado anauza. Sijui ni gani mbaya zaidi.

Kuna pia jambo la majirani, ambalo video kutoka Marekani hazilijui. Ploti zetu zina sakafu inayosikika. Ukianza kurukaruka saa kumi na moja asubuhi, jirani wa chini atagonga dari na ufagio, na msimamizi wa ploti atakupigia simu kabla ya saa mbili. Haya manne hayana kuruka hata moja. Weka leso au gunia chini ya mtungi usigonge simiti. Unaweza kufanya mtoto akiwa amelala chumba hicho hicho, na kwa wazazi vijana hilo ni jambo kubwa. Kwa msichana ambaye hataki kukimbia barabarani alfajiri kabla hakujapambazuka, na ana sababu zake, ni kubwa zaidi.

Usinielewe vibaya kuhusu milima yetu. Kupanda Iveti Jumamosi asubuhi, au kuzunguka People's Park jioni upepo wa Maruba ukivuma, ni dawa ya moyo na mapafu, na kichwa pia. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani kama huo. Lakini mwongozo huo huo unaongeza kitu ambacho watu wanakiruka: mazoezi ya nguvu ya misuli yote mikubwa, siku mbili au zaidi kwa wiki. Soma tena hapo. Siku mbili. Si saba, si kila siku kwa siku 30. Mimi ningesema tatu kama unaweza, ukiacha siku katikati, dakika thelathini au arubaini. Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Seti tatu za kila mwondoko. Hata wiki ikiwa mbaya, siku mbili bado zinatosha.

Na simu? Simu si adui. Kuna Mkenya aliyeitumia YouTube kuliko sisi wote. Julius Yego, kijana wa Nandi, alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za mabingwa kama Jan Železný na Andreas Thorkildsen, kwa sababu hapa nyumbani karibu kila mtu alikuwa akikimbia. Mwaka wa 2015 kule Beijing alirusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia, na mwaka uliofuata akaleta fedha ya Olimpiki kutoka Rio. Watu husimulia hadithi hii kama ya mtandao kuwa mwalimu. Mimi naisikia tofauti. Yego hakutazama michezo mia. Alitazama kitu kimoja, akakirudia, akaenda uwanjani akakirudia, miaka. Na alipopata nafasi ya kwenda Finland kufundishwa na kocha wa mkuki, alienda. Kwa hivyo tafuta video moja nzuri ya kila mwondoko, ya mtu anayeongea pole pole na kuonyesha makosa. Jirekodi ukiwa kando, linganisha. Nyingine zote futa, uokoe bando.

Chakula nakitaja haraka kwa sababu biashara ya mikebe ya protini imeanza kuwatisha vijana, eti bila unga wa elfu kadhaa huoni kitu. Tuko Ukambani, jamani. Ndengu, kunde na mbaazi zinaota kwenye mashamba ya nyumbani. Sahani ya muthokoi yenye maharagwe ya kutosha, mayai mawili, glasi ya maziwa, ndengu jioni. Kula zaidi ya ulivyozoea kama wewe ni mwembamba na unataka kuongezeka. Wengi wanaolalamika hawaongezeki wanakula chai na mandazi mpaka saa tisa. Hela ya mkebe mmoja inanunua trei kadhaa za mayai.

Sina ugomvi na jimu. Kuna mahali mtungi unafika mwisho, hasa miguu: mtu mwenye nguvu atahitaji mzigo ambao begi haliwezi kubeba, na kitu cha kuuweka salama akishindwa. Kuna wanaohitaji wenzao ndio waamke. Kuna anayejiandaa kwa raga, akiota kucheza pale Kenyatta Stadium, na huyo anahitaji chuma na kocha. Ukipata pesa na bado una hamu baada ya miezi mitatu ya nyumbani, nenda. Utafika ukijua kuchuchumaa, ukijua kuinama, na hakuna mkufunzi atakayekuuzia ratiba ya wanaoanza. Anayelipa kwanza ndipo atafute nidhamu huwa anaonekana wiki mbili za Januari.

Kitu cha mwisho unachohitaji ni daftari la shilingi chache. Tarehe, zoezi, lita au kilo, marudio. Usiandike hisia wala misemo ya kujipa moyo. Jumanne: kuvuta, lita 6, tisa tisa tisa. Ukifika kumi na mbili kwa seti zote tatu, ongeza nusu lita urudi nane. Kama namba hazijasonga kwa wiki tatu, angalia usingizi na sahani kabla ya kulaumu zoezi. Kiungo kikiuma, si misuli kuchoka bali kiungo chenyewe, bega au goti, na maumivu yakabaki zaidi ya wiki moja, nenda ukaonwe na mtaalamu wa fiziotherapia hospitalini. Usitafute video ya kutibu. Na kama una presha, mimba au ulifanyiwa upasuaji hivi karibuni, pita kwa daktari kabla hujajaza mtungi.